Chaja isidanganye ramani: kuunganisha gari la umeme, kituo na taarifa za barabara

Dereva aliyebakiwa na asilimia 12 ya chaji hufuata alama ya kijani anayoiona kwenye ramani ya gari, inayosema chaja iko huru. Alama hiyo ikidanganya, umeme wote ulioko kituoni haumfai kitu, maana ameshapita kituo kingine njiani kwa kuiamini. Kwa hiyo tunasema hivi kwa kila anayefunga vituo: kazi haijaisha siku chaja inapowaka. Inaisha siku ramani inapoonyesha hali yake sawasawa, hata siku imeharibika.

Anza na kebo. Ndani ya plagi mna waya mwembamba wa ishara. Chaja huweka volti 12 kwenye waya huo. Gari likichomekwa zinashuka hadi 9, na likiwa tayari kupokea umeme zinashuka hadi 6. Kwenye waya huohuo chaja hutuma mapigo 1,000 kwa sekunde, na upana wa pigo ndio unaoliambia gari livute ampea ngapi. Upana ukiwa kati ya asilimia 10 na 85, zidisha asilimia hiyo kwa 0.6: asilimia 53 ni takriban ampea 32. Asilimia 5 ina maana nyingine, kwamba mazungumzo yatakuwa ya kidijitali, kwa itifaki kama ISO 15118, ambayo huliwezesha gari kujitambulisha na kulipiwa bila kadi.

Chaji ikikatikakatika, au gari likivuta umeme kidogo kuliko kawaida, usikimbilie kubadilisha bodi. Chomoa kebo pande zote mbili, kisha pima ukinzani kati ya pini ya utambuzi wa kebo na pini ya ethi. Kwa plagi ya Type 2, iliyo ya kawaida Ulaya, omu 220 ni kebo ya ampea 32, omu 680 ni ya 20, omu 100 ni ya 63, omu 1,500 ni ya 13. Namba ikiwa mbali na hizo, tazama uchafu na unyevu kwenye pini, au waya uliolegea ndani ya plagi.

Kutoka kwenye chaja hadi kwenye seva, lugha inayotumika zaidi ni OCPP. Toleo la 1.6 bado liko kwenye chaja nyingi, 2.0.1 lina usalama bora, na kwa kituo kipya tungechagua hilo. Yote mawili hutegemea muunganisho unaobaki wazi muda wote, mara nyingi kupitia laini ya simu. Hapa ndipo ramani nyingi zinapoanza kudanganya. Mtandao wa simu hukata kimyakimya muunganisho uliokaa bila data, chaja isijue, seva nayo isijue. Seva inabaki na hali ya mwisho iliyoipokea, "iko huru", na kuigawa kwa kila anayeuliza. Weka chaja itume pingi, yaani ujumbe mfupi wa kusema bado ipo, kila sekunde 60, na upange seva hivi: pingi tatu zikikosekana mfululizo, hali igeuke kuwa "haijulikani". Dereva akiambiwa haijulikani ataweka akiba ya chaji. Akiambiwa iko huru, hatajiandaa.

Antena nayo isikae ndani ya kabati la chuma. Pima nguvu ya mtandao mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu fundi akipima mlango ukiwa wazi anapata namba nzuri isiyokuwapo akishaondoka. Kwa 4G, ikishuka chini ya −110 dBm, toa antena nje.

Kuna hitilafu nyingine inayosumbua sana baada ya umeme kukatika. Chaja ambayo saa yake haina betri ya akiba huamka ikiamini ni mwaka 1970. Inakagua cheti cha usalama cha seva, inaona hakijaanza kutumika, inakataa kuunganishwa. Na kwa kuwa imezoea kupata saa kutoka kwenye seva hiyohiyo, inazunguka hapohapo. Hakikisha laini yake inaruhusu huduma ya saa ya mtandao, NTP, isije ikawa imefungwa pamoja na intaneti nyingine.

Angalia pia hali zinavyotafsiriwa. Kwenye OCPP 1.6, SuspendedEV maana yake gari limesimamisha chaji. SuspendedEVSE, chaja ndiyo imezuia. Finishing, chaji imekwisha lakini kebo bado imechomekwa. Zote tatu kwenye ramani ni "imeshikwa". Ukiiandika Finishing kuwa huru, dereva atakuta gari la mwenzake limeegeshwa palepale.

Seva hupeleka taarifa kwenye ramani na kampuni nyingine kwa OCPI, lugha ya kubadilishana taarifa za vituo, yenye ngazi tatu: kituo, sehemu ya kuchajia, plagi. Hali hukaa kwenye sehemu ya kuchajia. Chaja yenye plagi mbili lakini inayohudumia gari moja tu kwa wakati ni sehemu moja yenye plagi mbili. Ukiisajili kama sehemu mbili, moja itaonekana huru milele. Muda uandikwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Kipimo cha mahali kielekeze kwenye lango la kuingilia, na kwenye barabara kuu useme ni upande upi. GeoJSON, muundo wa kuandika data za ramani, hutanguliza longitudo kabla ya latitudo. Ukigeuza mpangilio, kituo kinaweza kuhamia baharini.

Nguvu usiandike ile ya kwenye kibandiko tu. Chaja ya kW 150 yenye kikomo cha ampea 200 italipatia gari la volti 400 kW 80, basi. Toa volti, ampea na wati, ili gari lijipigie hesabu.

Ulaya taarifa za barabara husafiri kwa DATEX II, kiwango cha kubadilishana taarifa hizo, na tangu Aprili 2025 kanuni ya Umoja wa Ulaya inawataka waendeshaji wa vituo vya umma watoe bure taarifa zao, pamoja na hali ya sasa ya kila chaja. Foleni ina hesabu yake: kipasha joto kinachokula kW 2 kwa saa moja humaliza kWh 2, ambazo kwa gari linalotumia kWh 18 kwa kilomita 100 ni kilomita 11 hivi. Panga kufika na asilimia 10 hadi 15. Na dereva achague kituo kwenye ramani ya gari lenyewe kuliko ya simu, kwa kuwa magari mengi hupasha betri mapema yakijua yanaelekea kwenye chaja ya kasi.

Kabla ya kukabidhi kituo, chomoa antena huku umeshika saa, uone ramani inachukua muda gani kubadilika. Bonyeza kitufe cha dharura, tazama tena. Maliza chaji bila kuchomoa kebo, tazama tena. Kisha endesha hadi hapo ukitokea pande zote mbili za barabara, ukifuata sauti ya ramani peke yake.