Barua kwa mwanangu: Picha za kupanga

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na mama yako nimemsomea. Unataka kuja na kamera uupange upya utoto wako: binti wa dada yako avae sare ya skuli awe wewe, mimi nikae barazani niwe baba wa wakati ule, kisha upige. Unauliza kama huo si uongo, na kama nitaona umenivunjia heshima.

Kuhusu uongo, lala usingizi. Suti uliyovaa kwenye picha ya utotoni ilikuwa ya studio, mgongoni imebanwa kwa pini. Redio niliyoipakata siku ile tulipopigwa picha mimi na mama yako haikuwa yetu. Watu wa Unguja kukaa pozi ni jadi. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ipo Mji Mkongwe tangu 1930, na sidhani kama kuna aliyewahi kuingia studio yoyote na nguo za jikoni. Picha ilipelekwa kwa jamaa walio mbali waone kwamba tuko salama. Wao wenyewe walijua pazia la nyuma limechorwa.

Katika wapiga picha ulionitajia, nimekaa zaidi na Samuel Fosso. Alizaliwa Kameruni mwaka 1962, akakulia kwa babu na bibi yake Nigeria. Uchangani alikuwa amepooza, na picha ambayo watoto wenziwe walipigwa yeye hakupigwa. Akapitia vita vya Biafra, vya wenyewe kwa wenyewe huko Nigeria, na kifo cha mama yake, kisha mjomba akamchukua Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huko alijifunza kazi kwa mpiga picha jirani, na mwaka 1975, akiwa na miaka 13, akafungua studio yake. Mchana alipiga picha wateja. Jioni, vipande vya filamu vilivyobaki alijipigia mwenyewe, kavaa suruali pana na miwani mikubwa, ili ampelekee bibi yake Nigeria ajue mjukuu yu hai na anapendeza. Mtoto asiye na picha ya uchanga alijitengenezea za kwake! Miaka mingi baadaye, 2003, akajivika umbo la babu yake, aliyekuwa mganga na mkubwa wa kijiji, aliyetaka mjukuu amrithi. Uganga hakuurithi, lakini mbele ya kamera alikalia kiti cha babu.

Basi ukija, usinirudishie Sikukuu. Sikukuu zimejaa kwenye albamu, sote tumepakwa mafuta tunang'aa. Nipangie yale ambayo hakuna aliyeyapiga: mama yako kwenye cherehani usiku, wewe umejifanya umelala huku unamtazama. Au zile siku mimi na wewe hatusemezani kwa sababu ya madrasa, kila mmoja anakula kaupa mgongo upande wa mwenzake, na mama yako katikati anajidai hajaona. Hizo nitakukalia hata kutwa nzima. Ukinipanga nacheka na wanangu kama tangazo la sabuni, nitainuka nende msikitini.

Heshima yangu haimo katika kutabasamu. Nipige mkali, kwani nilikuwa mkali. Bakora tu usinishikishe, kwa sababu sikukuchapa nayo, na atakayeiona picha hiyo ugenini hatakuwa na wa kumuuliza.

Linalonishughulisha ni huyu mtoto. Wewe umekua, unajua unachokitafuta. Yeye anaazimwa sura tu. Uliniandikia habari za mpiga picha Sally Mann wa Virginia, Marekani, aliyewapiga picha wanawe watatu na kutoa kitabu mwaka 1992, watu wakazozana kama mtoto mdogo anaweza kweli kuridhia. Mimi naona swali lile lilikuwa la haki, hata kama picha zilikuwa nzuri. Dada yako amekubali, lakini nimemwita na mtoto mwenyewe nikamweleza.

Amesema atakuwa wewe, ila nywele hakati. Akiambiwa alie, ataziba uso kwa mikono. Na kila picha aione yeye kwanza, asiyoitaka uifute mbele ya macho yake. Mambo hayo nimemwitikia kwa niaba yako. Sare yako ya zamani imeliwa na nondo, kwa hiyo nitampima mtoto mapema, fundi wa Darajani ashone nyingine kabla hujafika.

Baba yako