Mshahara wa mwezi haufuti ovataimu
Mnauliza kama ni kweli, kama meneja wenu anavyosema, kwamba anayelipwa kwa mwezi hana haki ya ovataimu, yaani malipo ya saa za ziada. Hapana, anawadanganya. Kulipwa kwa mwezi hakufuti ovataimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hapa Tanzania, inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili. Tena lazima mfanyakazi awe amekubali kufanya saa hizo za ziada. Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani na kilichotuokoa ni daftari la mahudhurio, kwa hiyo pigeni picha saa zenu zilivyoandikwa humo kila siku, jamani! Ila anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hahusiki na kanuni hizi za ovataimu. Mwajiri akikataa kulipa, nendeni CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 60.