Jibu: kwaya ya wagonjwa wa saratani? Sare acha kwanza

Mkuu, kitenge hujanunua bado, si ndiyo? Usinunue.

Unataka kuanzisha kikundi cha kuimba kwa wagonjwa wa saratani na wanaowauguza, unauliza kinanda, sare, siku za mazoezi, na kama mnaweza kurekodi kabla ya Pasaka. Hapo kwenye kurekodi ndipo nimeshindwa kupita kimya. Njia hiyo nimeipita mimi, tena kwa titi moja.

Tulianza wanane, kila Alhamisi, uani kwa mwenzetu. Raha tupu. Halafu mjuaji mmoja akatuletea mwalimu wa kwaya. Mwalimu akatusomea utafiti wa Wales wa 2016, kwaya za Tenovus Cancer Care, shirika la hisani la saratani, watu 193: saa moja ya kuimba ilishusha kotisoli, homoni ya msongo. Kweli kabisa. Ila kule hawakuchuja sauti, na ilikuwa saa moja! Yeye alitusimamisha kwa saa tatu nzima, akatuchuja, akafungua daftari la mahudhurio. Asiyefika, faini 2,000.

Faini! Kwa mtu aliyetundikiwa dripu ya kemo juzi!

Kulikuwa na mama mmoja wa sauti ya pili. Dawa zilimchubua mdomo, hata chai ya vuguvugu ilimchoma. Akakosa mara mbili. Siku aliporudi alifungua fundo la kanga, akahesabu 4,000, nyingine sarafu, akaziweka juu ya daftari. Mweka hazina nilikuwa mimi. Nikazipokea. Hakuja tena. Baadaye nikaambiwa ile ilikuwa nauli yake ya kliniki.

Albamu haikutoka. Studio ilikula 600,000, mwalimu akapata safari ya ghafla, hadi leo hajarudi. Mimi nimebaki na kitenge cha zambarau: mapazia, vitambaa vya meza, mpaka mtoto wa jirani ana kaptula. Mtaa mzima uko kwenye sare.

Sasa sikia: hakuna jukwaa, hakuna daftari. Aliyechoka akae mkekani apige makofi. Asiyefika, mpigie kumjulia hali, si kumdai. Mwenye mafua abaki kwao, maana kemo hushusha chembe nyeupe za damu na kikohozi chako kinaweza kumlaza mwenzio wodini. Na akija mtu wa "mna vipaji, msivifiche", mpe chai aende zake.

Kinanda sijui bei. Sisi siku hizi tunapiga debe, la mafuta, si la siasa.