Asicheze Jumamosi

Dada, umeuliza kama kijana wako aliyegongana vichwa na mwenzake kwenye mechi ya shule hapa Malindi anaweza kucheza Jumamosi, maadamu hakuzimia. Asicheze. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa. Mpwa wangu naye alipogongwa kichwa aliinuka, akapangusa mchanga usoni, akaanza kupeleka mpira goli lake mwenyewe. Kocha akamwacha uwanjani, na hilo laniuma hadi leo. Kugongwa tena kabla ubongo haujapona kunaweza kuua. Apumzike saa 24 hadi 48, simu aipunguze, kisha arudi mazoezini hatua kwa hatua kwa idhini ya daktari. Akitapika tena na tena, akichanganyikiwa au kichwa kikizidi kuuma, mkimbize hospitali usiku huohuo, usingoje kuche.