Kwa anayeanza kuisoma London ya Dickens: anza na usiku

Mwanafunzi anayefungua The Old Curiosity Shop, riwaya ya mwandishi Mwingereza Charles Dickens, kwa mara ya kwanza huwa na haraka ya kufuata masaibu ya msichana Nell na babu yake, na kurasa za mwanzo huzipita kana kwamba ni utangulizi tu. Ningekushauri ukae kwanza na msimulizi, Master Humphrey, mzee ambaye wakati wake wa kutembea ni usiku. Ni katika matembezi hayo anapokutana na mtoto aliyepotea njia, ndiye Nell, akamsindikiza hadi kwenye duka la babu yake lililosheheni deraya, silaha zenye kutu, vinyago na samani za ajabu. Na anapoondoka, kinachomkosesha amani ni kwamba mtoto huyo atalala peke yake katikati ya vitu hivyo.

Humphrey huaga mwishoni mwa sura ya tatu na harudi tena kuisimulia hadithi. Usitafute hila ya kisanaa mahali ambapo sababu ni ya kibiashara: hadithi hii ilikusudiwa kuwa fupi, ndani ya jarida la kila wiki la Dickens mwenyewe, lakini mauzo yaliposhuka ikarefushwa kuwa riwaya, ikaendelea kutoka 1840 hadi 1841.

Baada ya hapo soma insha yake ya 1860, Night Walks, ambamo anatembea usiku kucha kwa kukosa usingizi. Anazungumza na mtoza ushuru wa daraja la Waterloo, anapita karibu na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bethlehem akijiuliza kama wenye akili timamu hawalingani na wagonjwa hao pindi wanapoota, kisha katika soko la Covent Garden anawaona watoto wanaolala ndani ya vikapu na kugombea mabaki. Kwa maoni yangu, hao ndio ndugu halisi wa Nell, ingawa miaka 20 inawatenganisha.

Unapoandika, usimchanganye Humphrey na mwandishi, kwa maana Dickens alikuwa na miaka 28 tu alipomuumba mzee huyo. Wala usilitaje jengo la mtaa wa Portsmouth huko London, lenye jina la riwaya hii ukutani, kuwa ndilo duka lenyewe: lilipewa jina hilo baada ya riwaya kutoka, na ukurasa wa mwisho wa kitabu unasema wazi kwamba nyumba ya Nell ilikwisha kubomolewa, pakapitishwa barabara pana.