Ngano bila plau: kazi inaanza siku ya kuvuna

Wakulima wengi wa ngano Laikipia, Narok na Hanang wakisikia kilimo hifadhi, yaani kupanda bila kulima huku udongo ukiwa umefunikwa na mabaki ya mazao, swali lao la kwanza ni bei ya mashine ya kupanda bila kulima. Ulizeni kwanza mabua yatabaki kiasi gani. Kuacha plau huku shamba likiwa tupu ni hasara: matone ya mvua yanapiga udongo, juu panaganda, maji yanatiririka badala ya kuzama. Majaribio ya CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, kule El Batán, Mexico, yaliyoanza 1991, yalionyesha hivyo: shamba lisilolimwa na lililoondolewa mabua lilizaa vibaya kuliko hata lile lililolimwa.

Kwa hiyo zungumza na mwenye kombaini mapema. Akate sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, na kombaini iwe na kikatio na kitawanyio cha mabua kinachofanya kazi. Kikikosekana, mabua yanamwagwa kwenye mstari mmoja mnene nyuma ya mashine, na msimu ujao utauona mstari huo kwa ngano iliyoota mapengo. Hapo tawanya kwa uma kabla hayajanyeshewa.

Ekari iliyotoa magunia 10 ya kilo 90 huacha takriban tani moja ya mabua, pengine zaidi kidogo. Si mengi. Ukiuza marobota nusu yake, kisha ng'ombe wa jirani wakapita na mchwa wakamalizia, huna matandazo. Kupima ni rahisi: chukua kamba ya mita 10, funga mafundo 100 kila sentimita 10, ilaze mshazari juu ya mistari, uhesabu mafundo yaliyogusa bua. Rudia sehemu tano. Wakati wa kupanda usikubali chini ya mafundo 30. Penye ukame, 60 ndiyo ya kutafuta.

Tabaka gumu lililoachwa na plau za diski halitajiondoa lenyewe. Chimba shimo, ukikuta mizizi imepinda na kwenda upande kwenye sentimita 15 au 20, pitisha ripa, jembe la meno marefu linalopasua udongo bila kuupindua, mara moja, udongo ukiwa mkavu. Ukiwa na unyevu, ripa inakata mfereji tu bila kuvunja kitu.

Kosa linaloharibu uotaji kuliko yote hutokea kwenye diski za mashine ya kupandia. Mabua yenye umande hayakatiki. Diski inayakunja na kuyasukuma ndani ya mfereji, mbegu inalala juu yake bila kugusa udongo, na inakauka. Kunja mabua mkononi: yakivunjika kwa mlio, panda, yakipinda, subiri jua. Diski butu zibadilishwe. Kina kiwe sentimita 3 hadi 5, na shuka utembee nyuma ya mashine ukifukua mbegu, kwa sababu dereva aliye juu ya trekta haoni kitu.

Misimu ya mwanzo ngano changa inaweza kuwa ya njano. Vijidudu vinavyoozesha mabua vinachukua naitrojeni ya udongo kabla ya mmea. Weka mbolea ya kupandia ndani ya udongo, kando au chini kidogo ya mbegu, wala usipunguze. Urea ikirushwa juu ya mabua bila mvua kufuata, sehemu yake hupotea hewani. Mbolea ya CAN (kalsiamu amonia nitrati) inavumilia zaidi.

Magugu sasa yanategemea dawa. Glaifoseti ikichanganywa na maji ya bwawa yenye tope inashikwa na udongo na kupoteza nguvu, halafu lawama anabebeshwa muuza dawa. Usiitegemee peke yake miaka yote, gugu litazoea.

Na usipande ngano juu ya mabua ya ngano mfululizo. Magonjwa ya madoa ya majani hulala humo. Ugonjwa wa kutu haukai kwenye mabua makavu, huo huishi kwenye maotea mabichi, yaani ngano iliyojiotea yenyewe, kwa hiyo yaue mapema. Ingiza njegere, dengu au kanola katikati. Mazao hayo huacha mabaki machache yanayooza upesi, basi mwaka huo mifugo isiingie kabisa.