Anza na lenzi, bodi ya kamera ifuate

Umeuliza uchukue Micro Four Thirds au APS-C (saizi mbili za sensa, kipande kinachonasa picha; ya kwanza ni ndogo zaidi) kwa kamera ya kutembea nayo kila siku. Mimi ningechagua lenzi kwanza, maana ndiyo inayoamua kama kamera itaingia mfukoni au itabaki nyumbani. Olympus 17mm f/1.8, lenzi ya Micro Four Thirds, ina gramu 120 tu, na kwa kuwa sensa ya kamera zake ni ndogo, upana wa picha unakuwa kama wa 35mm kwenye fremu kamili, yaani sensa kubwa yenye saizi ya filamu ya zamani. Fujifilm 27mm f/2.8, ya APS-C, ni nyembamba zaidi, inakupa kama 40mm, na APS-C haitoi chenga haraka gizani. Lakini angalia uwazi wa lenzi, ile namba ya f: f/1.8 inapitisha mwanga zaidi ya mara 2 ya f/2.8. Mtoto akikimbia sebuleni usiku chini ya taa moja, hapo ndipo utaona tofauti, kamera itapiga haraka zaidi na uso utatoka wazi badala ya ukungu. Kwa hiyo kama unapiga sana ndani ya nyumba, nenda na 17mm. Lenzi ya zumu isubiri kwanza. Yangu ilikaa kabatini miezi, na sikuikumbuka.